Jina kubwa halidaki mpira: Hesabu ya nyota mzee mwenye majeraha

Na Mwandishi Wetu

OKTOBA 20, 2025, katika mji wa Detroit nchini Marekani, nyota wa timu ya Tampa Bay Buccaneers, Mike Evans, aliufuata mpira wa juu, akaanguka vibaya na kuvunjika mtulinga. Ndiyo kwanza alikuwa amerejea uwanjani baada ya kukosa mechi tatu kutokana na maumivu ya nyama za paja.

Anguko hilo lilizima moja ya rekodi zinazoheshimika katika ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, NFL. Tangu aanze kucheza ligi hiyo mwaka 2014, Evans hakuwahi kumaliza msimu akiwa chini ya yadi 1,000. Alifanya hivyo misimu 11 mfululizo, sawa na mkongwe Jerry Rice. Msimu wa 2025 aliambulia yadi 368 katika mechi nane. Agosti ya mwaka huo alikuwa ametimiza umri wa miaka 32.

Hata hivyo, si Evans peke yake aliyepata hasara. Mamilioni ya Wamarekani hushiriki mchezo wa fantasi, ambao mtu huunda timu yake ya kubuni kwa kutumia wachezaji halisi, na wengi huweka fedha. Wale waliomfanya Evans nguzo ya timu zao walijikuta hawana nguzo kabla msimu haujafika nusu.

Je, mchezaji wa aina hii, aliyevuka miaka 30 na ambaye misuli imeanza kumsaliti, ana thamani gani? Ukweli ni kwamba anayo thamani, tena mara nyingine kubwa. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huipima kwa kipimo kisicho sahihi, nacho ni wastani wake wa pointi kwa kila mechi aliyocheza.

Mchezo wenyewe

Msomaji anayeshiriki fantasi ya Ligi Kuu ya England, yenye washiriki zaidi ya milioni 10 duniani kote, atauelewa mchezo huu kwa urahisi, lakini ipo tofauti moja kubwa. Katika ule wa England, kila mshiriki hupewa bajeti ya pauni milioni 100 za kubuni, na mchezaji mmoja anaweza kuwa katika timu za watu milioni kadhaa kwa wakati mmoja. Kevin De Bruyne alipoumia nyama za paja katika mechi ya ufunguzi dhidi ya Burnley Agosti 2023, waliokuwa naye walimuuza na kununua mwingine wa hadhi yake.

Katika fantasi ya Marekani iliyo maarufu zaidi, watu wapatao 10 au 12 huunda ligi yao na kuchagua wachezaji kwa zamu. Mchezaji akishachukuliwa na mmoja, wengine hawampati tena. Akiumia, hakuna duka la kwenda kumbadilisha. Kinachobaki sokoni ni wale waliokataliwa na kila mtu. Kwa sababu hiyo, kosa la Agosti humfuata mtu hadi Desemba.

Mchezo huo si wa jana. Ulibuniwa mwaka 1962 na Bill Winkenbach, mmoja wa wamiliki wa Oakland Raiders, na uteuzi wa kwanza ukafanyika mwaka uliofuata. Mwaka 2006, Marekani ilipopitisha sheria ya kubana kamari za intaneti, fantasi iliachwa nje kwa masharti, likiwemo la kwamba matokeo yategemee maarifa na ustadi wa washiriki. Tangu hapo biashara hiyo imepanuka sana.

Mdakaji wa pembeni, ambaye ndiye anayehusika hapa, kazi yake ni kuwakimbia mabeki na kudaka mpira anaorushiwa na kiongozi wa mashambulizi. Katika ligi nyingi hupewa pointi moja kwa kila mpira aliodaka, pointi moja kwa kila yadi 10, na pointi sita akifunga bao. Kwa maneno mengine, analipwa kwa miguu yake: kuondoka kwa kasi, kusimama ghafla, kugeuka na kuondoka tena. Misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayobeba mzigo wote huo, na msuli uliowahi kuchanika una hatari kubwa zaidi ya kuchanika tena.

Somo la Julio Jones

Kama kuna mchezaji ambaye takwimu zake zinapaswa kusomwa na kila mshiriki kabla ya kufungua mkoba, ni Julio Jones. Kati ya mwaka 2014 na 2019, akiwa Atlanta Falcons, alipata zaidi ya yadi 1,300 kila msimu. Mwaka 2015 alidaka mipira 136 na kupata yadi 1,871. Oktoba 2016 alipata yadi 300 katika mechi moja dhidi ya Carolina Panthers. Kwa kanuni tulizozitaja, msimu wake wa 2015 ulikuwa na pointi zipatazo 371, wastani wa 23 kwa mechi.

Mwaka 2020, akiwa na miaka 31, nyama za paja zilianza kumsumbua na akacheza mechi tisa tu. Lakini hapo ndipo mtego ulipotegwa. Katika mechi hizo tisa alipata yadi 771, yaani karibu 86 kwa kila mechi, na wastani wa pointi 16. Mtu aliyeangalia wastani huo alimwona Jones yuleyule, mwenye bahati mbaya ya muda mfupi. Hoja iliyotawala ilikuwa moja: akiwa mzima, bado ni hatari.

Juni 2021 Tennessee Titans walimchukua, wakitoa haki zao za kuchagua chipukizi wa raundi ya pili ya mwaka 2022 na ya raundi ya nne ya mwaka 2023. Walibeba pia mshahara wa zaidi ya dola milioni 15. Washiriki wa fantasi nao walimgombea.

Kilichofuata kinajulikana. Jones alicheza mechi 10, akadaka mipira 31, akapata yadi 434 na bao moja. Wastani wa yadi ulishuka kutoka karibu 86 hadi 43 kwa mechi, yaani nusu kamili. Machi 2022 Titans walimwacha. Alipita Tampa Bay na Philadelphia bila kurejea alipokuwa, na Aprili 2025 akatangaza kustaafu.

Waswahili husema ivumayo haidumu. Lakini jambo la kuzingatia hapa ni namna kushuka kulivyojificha. Dalili ya kwanza ilikuwa kupungua kwa mechi, wakati kiwango chake ndani ya mechi kikiwa bado cha juu. Kiwango kilifuata kushuka mwaka mmoja baadaye, wakati mnunuzi ameshalipa.

Tukimrejea Evans, picha inafanana. Mwaka 2024 alikosa mechi tatu kwa nyama za paja, lakini katika 14 alizocheza alipata yadi 1,004 na mabao 11, wastani wa pointi 17. Mwaka uliofuata alipata yadi 46 kwa mechi, kutoka karibu 72. Cooper Kupp naye, aliyepata yadi 1,947 akiwa na Los Angeles Rams mwaka 2021, hakufikisha hata 850 katika msimu wowote kati ya mitatu iliyofuata, na katika yote hiyo hakuzidisha mechi 12. Tyreek Hill wa Miami Dolphins, aliyeongoza ligi kwa yadi 1,799 mwaka 2023, alishuka hadi 959 mwaka 2024, na Septemba 2025 goti lake likateguka dhidi ya New York Jets akiwa na miaka 31.

Hesabu isiyofanywa

Tuchukue mfano wa wachezaji wawili wa kufikirika katika msimu wa mechi 17. Wa kwanza ni mkongwe mwenye wastani wa pointi 16, ambaye anatarajiwa kucheza mechi 10. Wa pili ni kijana wa wastani wa pointi 14, ambaye hucheza mechi 16. Mchezaji wa akiba anayepatikana sokoni hutoa pointi tisa.

Mkongwe atakupa pointi 160, na akiba wake atajaza mechi saba kwa pointi 63. Jumla ni 223. Kijana atakupa pointi 224, ukiongeza tisa za mechi moja ya akiba, jumla ni 233. Aliyeonekana mdogo kwa wastani amemshinda mkubwa.

Hesabu hiyo inaonyesha mambo mawili. Kwanza, majeraha hayamfanyi mchezaji kuwa bure kabisa, maana nafasi yake haibaki tupu. Tofauti ya pointi 10 kwa msimu mzima si kubwa. Anayemkimbia kila mgonjwa kwa woga naye anakosea.

Pili, hesabu hiyo imekuwa ya huruma kwa mkongwe, kwa kuwa imechukulia kwamba tutajua mapema wiki ambazo hatacheza. Hatari kubwa haiko katika mechi anazokosa, bali katika zile anazoanza bila kuzimaliza. Mchezaji akitangazwa kuwa nje, unaweka mwingine. Akianza, akakimbia mara tano, kisha akashika paja na kutoka, umebaki na pointi mbili na huna la kufanya. Mkongwe wetu akifanya hivyo katika mechi mbili kati ya zile 10, jumla yake inashuka kutoka 223 hadi 195, na yeye si mwenzake tena na yule kijana.

NFL huzilazimisha timu kutoa taarifa za majeruhi kila wiki, na mwenye shaka huandikwa kuwa ana shaka. Lakini taarifa hiyo husema iwapo mtu anaweza kucheza, haisemi misuli yake itavumilia dakika ngapi. Ikumbukwe pia kwamba mikataba mingi ya ligi hiyo haina dhamana ya fedha zote, na timu inaweza kumwacha mchezaji kabla mkataba haujaisha. Mwenye miaka 32 anayekaa nje analijua hilo kuliko sisi. Ana kila sababu ya kusema amepona.

Si kila mzee ni hasara

Wapo watakaosema kwamba umri ni namba tu, na wana ushahidi. Jerry Rice alikosa karibu msimu wote wa 1997 kwa goti, lakini mwaka 2002, msimu aliotimiza miaka 40, alipata yadi 1,211 akiwa na Oakland Raiders. Larry Fitzgerald wa Arizona Cardinals alipata yadi 784 tu mwaka 2014, wengi wakaona amekwisha. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 32, alidaka mipira 109 na kupata yadi 1,215. Akiwa na miaka 34, mwaka 2017, alidaka tena 109.

Tofauti ya Fitzgerald na Jones ni nini? Mosi, Fitzgerald alikuwa hakosekani uwanjani. Alicheza mechi 263 katika misimu 17. Pili, chini ya kocha Bruce Arians alihamishwa kutoka pembeni kabisa na kuletwa karibu na katikati, ambako mtu hahitaji kumwacha beki kwa mbio ndefu, bali kujua pa kusimama na kudaka mipira mifupi. Kazi yake ilibadilishwa ilingane na miguu yake. Katika ligi zinazotoa pointi kwa kila mpira uliodakwa, mipira hiyo mifupi ni dhahabu.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kumchukua mkongwe halihusu umri wake peke yake. Uliza ameumia wapi: mfupa uliovunjika mara moja na kuunga si sawa na msuli unaochanika kila mwaka. Uliza timu inampa kazi gani: mbio ndefu za pembeni, au mipira mifupi ya katikati. Uliza pia yuko nyuma ya nani, kwani mkongwe akikaa nje wiki nne na kijana akafanya vizuri, hatarudishiwa mipira yote.

Kwa nini basi watu wanaendelea kulipa kupita kiasi? Sababu ya kwanza ni kumbukumbu. Yadi 300 za mechi moja hukaa kichwani kuliko mechi saba za benchi. Sababu ya pili ni kwamba sokoni jina huuza. Hata Titans, wenye madaktari, makocha na wataalamu wa takwimu, waliuziwa mbuzi kwenye gunia. Mshiriki anayetegemea simu yake na mshahara wake ana nafasi gani ya kumjua Jones kuliko wao?

Hapo ndipo suala linapokuwa zito kuliko burudani. Anayeingia kwa ada ndogo na marafiki atapoteza na kutaniwa. Anayeweka fedha za pango kwa kuamini kwamba nyota wa zamani atarudi kama zamani anacheza kamari juu ya paja la mtu mwingine, na hakuna ustadi unaoweza kuona ndani ya msuli.

Mkongwe mwenye majeraha achukuliwe katika raundi za katikati au za mwisho, baada ya nguzo kupatikana, na awe na mtu wa kumkinga benchini. Akicheza mechi 14, umepata faida ambayo hukuilipia. Akicheza nane, timu yako bado imesimama. Anayemchukua mapema ameshalipa bei ya msimu mzima kwa mchezaji ambaye miguu yake imekwisha kusema kwamba hautaumaliza.