Halmashauri ya Shule na Mtihani Uliogomewa

Wako wasemao kwamba walimu wakigomea mtihani, halmashauri ya shule haina neno. Huo ni ugomvi wa walimu na Serikali. Sisi twakataa, na ushahidi wetu ni wa Uingereza.

Huko mwaka 1993 walimu waligomea mitihani ya Serikali. Baraza la Wandsworth likakishtaki chama kimoja cha walimu, nalo likashindwa, kwa kuwa Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ugomvi ulihusu wingi wa kazi. Mwaka 2010 jambo lilikuwa zito zaidi, maana waliogoma ni walimu wakuu wenyewe na wasaidizi wao. Katika juma lililoanza Jumatatu tarehe 10 Mei, yapata robo ya shule zilizohusika hazikuwapa watoto wa darasa la mwisho mtihani wa Kiingereza na hesabu. Walilalamika kwamba matokeo hupangwa katika orodha ya kuaibisha shule, na mtoto hufundishwa mtihani badala ya elimu. Hayakuwa maneno ya upuuzi: uchunguzi wa Lord Bew wa mwaka 2011 ulipendekeza kwamba insha ipimwe na mwalimu.

Lakini sheria yasemaje? Mwalimu mkuu aendeshe mtihani, na halmashauri ihakikishe umefanyika. Serikali ikawakumbusha wajumbe wajibu huo. Wajumbe hao ni wazazi, walimu na watu wa mtaa, wasiolipwa mshahara. Sisi makarani twaijua sana barua ya namna hiyo, iletayo amri bila kuleta uwezo!

Hatusemi ya kwamba iliwapasa kuwaita wageni wawasimamie watoto wa miaka 11, wala kumwandama mwalimu mkuu aliyepiga kura kwa halali. Twasema iliwapasa kukutana kabla ya siku ile, wamwulize mwalimu mkuu waziwazi, jibu lake liandikwe katika kitabu cha mkutano, kisha Serikali na wazazi wote wajulishwe kwa barua mtoto atapimwaje badala ya mtihani. Kazi hiyo haihitaji nguvu, yahitaji kalamu. Halmashauri iliyokaa kimya haikumsaidia mwalimu wala kuitii sheria. Na mzazi aliyepata habari mlangoni asubuhi ile ya Jumatatu, angemwuliza nani?