Usimlipie Mtoto wa Mbwa Kabla Hujamwona Mama Yake

Kazi yetu ni kuhakikisha pesa zako zinafika haraka. Kwa hivyo itakushangaza kidogo kusikia sisi, watu wa kutuma pesa kwa simu, tukikwambia kwamba kwa ununuzi huu mmoja, usitume. Bado kidogo. Ngoja mpaka umemwona mama wa huyo mtoto wa mbwa kwa macho yako, akiwa na watoto wake, katika nyumba ambayo unaweza kurudi kesho ukaikuta.

Tunaandika haya kwa sababu ya simu moja iliyoingia kwenye dawati letu la huduma. Mteja alikuwa mama wa watoto wawili, anaishi Nakuru. Mmoja wa watoto hao ana shida ya kifua, na mtu alikuwa amemwambia kwamba miniature schnauzer hapukutishi manyoya sana. Hiyo ni kweli, ingawa hakuna mbwa ambaye hasababishi mzio kabisa, na tungependa wauzaji wakome kusema yupo. Akatafuta mtandaoni, akapata ukurasa wenye picha nzuri: vitoto vya rangi ya kijivu, ndevu tayari zimeanza kuota, utepe mwekundu shingoni. Muuzaji alijiita mfugaji wa nyumbani, wa Karen. Bei shilingi 35,000. "Dada, wamebaki wawili tu, na kuna mtu anakuja kesho asubuhi. Tuma 10,000 nikushikie."

Akatuma. Jioni akaambiwa kreti ya kumsafirishia mbwa ni 4,500. Akatuma. Kesho yake, mbwa "akiwa tayari njiani", ikahitajika bima ya 6,000, ambayo angerudishiwa mbwa akifika. Akatuma. Halafu ikaja 3,000 ya chanjo ya dharura, eti gari limesimamishwa. Akatuma hiyo pia, na hapo ndipo simu ya muuzaji ikazimwa. Jumla ni shilingi 23,500, na watoto wawili wamekaa kwenye ngazi ya ploti wakingoja gari lililobeba mbwa.

Alipotupigia, pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala. Tukamweleza kwamba hatuwezi kuzirejesha. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwani nyinyi kazi yenu ni nini?"

Swali hilo ni la haki na hatutaki kulikwepa. Jibu la ofisini ni kwamba mteja aliweka namba yake ya siri mwenyewe, mara nne, kwa hiari yake. Ni kweli, na halimsaidii mtu yeyote. Ukweli mwingine ni kwamba biashara kama yetu imewazoesha watu kutuma bila kutua. Tumeisifia kasi kwa miaka. Jina la mpokeaji linatokea kwenye skrini kabla hujathibitisha, na wengi wetu tumelizoea jinsi tunavyozoea bango la barabarani, tunalipita tu. Katika kesi ya mteja huyu, muuzaji alijitambulisha kwa jina la mwanamume. Jina lililotokea mara ya kwanza lilikuwa la mwanamke. Mara ya tatu lilikuwa la mtu mwingine kabisa. Maelezo aliyopewa ni kwamba laini ya mkubwa imejaa, tumia ya mke wangu, kisha tumia ya dereva.

Hapo ndipo pa kusimama. Hatusemi kila mtu anayetumia laini ya mke wake ni mwizi. Kenya hii tunaijua. Lakini mtu anayekuuzia kiumbe hai kwa maelfu ya shilingi anaweza kukupa namba iliyosajiliwa kwa jina lake, jina lile lile lililo kwenye kitambulisho atakachokuonyesha. Asipoweza, wewe pia huwezi.

Na tuseme wazi jambo moja kuhusu kurejeshewa pesa, kwa sababu wengi hulielewa visivyo. Huduma ile ipo kwa ajili ya makosa: umekosea tarakimu moja, pesa zikaenda kwa mtu usiyemjua. Ukiwahi kabla hajazitoa, zinaweza kuzuiwa na kurudi. Haikuwekwa kwa ajili ya biashara iliyoharibika. Uliyemkusudia amepokea, na akishatoa pesa taslimu, hakuna kitufe duniani cha kuzirudisha. Kilichobaki ni kwenda kituo cha polisi, kuandikisha taarifa na kupewa namba ya OB, ukiwa na meseji zako zote bila kufuta hata moja. Polisi wakituomba taarifa kwa njia ya kisheria, tunatoa. Laini imesajiliwa kwa jina la mtu, kwa hiyo mahali pa kuanzia papo. Lakini ni safari ndefu, na mara nyingi mwenye jina ni mtu aliyeuza laini yake kwa shilingi mia kadhaa na hajui lolote kuhusu mbwa.

Kwa nini matapeli wanaipenda miniature schnauzer? Tunadhani ni kwa sababu ya uso wake. Ni mbwa wa Ujerumani, aliyezalishwa mwishoni mwa karne ya 19 kutokana na schnauzer wa kawaida, akifugwa mashambani kukamata panya, na zile nyusi na ndevu zinamfanya aonekane kama mzee mdogo anayekushangaa. Picha moja inatosha kumteka mtoto. Na picha ziko tele mtandaoni, za kuibwa bure. Ziangalie vizuri. Tumeonyeshwa moja ambapo nyuma ya mbwa, ukutani, kuna chombo cha chuma cha kupasha nyumba joto wakati wa theluji. Karen kuna baridi mwezi wa 7, hatukatai, lakini si ya namna hiyo.

Kuna maneno mengine ya kuyatilia shaka. Schnauzer wapo wa ukubwa wa aina 3 tu: jitu, wa kawaida, na huyu mdogo. Mdogo akikomaa huwa na urefu wa sentimita 30 hadi 35 begani. Anayekuuzia schnauzer "wa kikombe cha chai" kwa bei ya juu zaidi anakuuzia ama mtoto dhaifu, ama mbwa mchanganyiko, ama hewa. Rangi nazo: shirikisho la kimataifa la FCI linatambua 4, yaani nyeusi, nyeupe, pilipili na chumvi, na nyeusi yenye fedha. Ukiambiwa rangi adimu ya kahawia yenye mabaka ndiyo inayoongeza bei, jua unalipia hadithi.

Sasa, wafugaji wa kweli wa nyumbani wapo, na hao ndio wanaoumia zaidi na huu utapeli, ingawa hakuna anayewaandikia. Mmoja wa wateja wetu wa Ruiru anafuga schnauzer wawili wa kike na hupata watoto mara moja moja. Alituambia kwamba siku hizi wanunuzi humchukulia kama mshukiwa kutoka neno la kwanza. Watu watano wanamwambia "nishikie", hakuna anayelipa chochote, anawakataa wengine, kisha wanakuja wawili. Anabaki na mbwa wa wiki 12 anayekula kila siku, aliyepita umri ambao watu wanamtaka.

Kwa hivyo hatuko upande wa wale wanaosema arbuni isilipwe kamwe. Arbuni ni haki ya mfugaji. Ila ilipwe baada ya kutembelea, isizidi sehemu ya kumi ya bei, na iandikwe. Ujumbe wa WhatsApp unatosha: ni mtoto yupi, dume au jike, rangi gani, bei kamili, siku ya kumchukua, na itakuwaje kwa pesa hizo mmoja wenu akighairi au mtoto akiugua kabla ya siku hiyo. Mfugaji ajibu "nimekubali". Mfugaji mzuri hataudhika. Mara nyingi yeye ndiye atakuwa na maswali mengi kuliko wewe: unaishi nyumba ya aina gani, nani anabaki nyumbani mchana, umewahi kufuga? Mtu asiyekuuliza chochote ila namba yako ya simu hajali mbwa anaenda wapi, na pengine hana mbwa.

Unapotembelea, usishangae ukiambiwa uvue viatu na unawe mikono, au ukizuiwa kuwabeba watoto ambao bado hawajachanjwa. Ugonjwa wa parvo huua watoto wa mbwa kwa siku chache tu, kwa kuhara damu na kutapika, na kirusi chake huweza kukaa ardhini kwa miezi mingi na kusafiri kwenye soli ya kiatu. Ndiyo maana tunasema pia usitembelee wafugaji watatu kwa siku moja. Tatizo ni kwamba tapeli naye ameshajifunza neno parvo, analitumia kukuzuia usifike kabisa: "Hatupokei wageni kwa sababu ya magonjwa." Tofauti ni rahisi. Mfugaji wa kweli atakuonyesha mama na watoto kupitia dirisha au mlango wa wavu, lakini utakuwa umesimama kwake. Na kabla ya kufunga safari, mwombe mpigiane simu ya video hapo hapo, amshike mtoto karibu na mama yake na kipande cha karatasi chenye tarehe ya leo. Video iliyorekodiwa jana haihesabiki.

Mwangalie mama. Awe na ndevu, awe na ukubwa ule tuliousema, awe anakuja kukunusa bila woga. Watoto wasiondoke kwake kabla ya wiki 8. Uliza kadi ya chanjo yenye sahihi ya daktari wa mifugo, kisha mpigie daktari huyo. Wengi hawapigi, na ni simu ya dakika moja. Kumbuka kwamba chanjo za mwanzo hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka mtoto afikishe karibu wiki 16, na ile ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akifika miezi 3, kwa hiyo anayekuuzia mtoto wa wiki 8 "aliyemaliza chanjo zote" anakosea au anadanganya. Ukilipia bei ya mbwa mwenye karatasi za ukoo, ona karatasi za wazazi na uulize East Africa Kennel Club. Kama huzitaki, sawa, lakini basi bei ishuke.

Jambo la aina hii ya mbwa ambalo wauzaji hulinyamazia: wana tabia ya kuwa na mafuta mengi kwenye damu, kuvimba kongosho na kupata mawe ya kibofu. Ukikaa nyumba ambayo kila Jumapili kuna nyama choma na mbwa anarushiwa mafuta, utakutana na daktari. Na nywele zake zinahitaji kunyolewa kila baada ya wiki 6 hadi 8 hivi. Weka hesabu hiyo mapema, kwa sababu tumeona watu wakimaliza akiba yote kwenye kununua.

Kwa wafugaji wanaosoma hapa, nanyi mna hatari yenu. Mnunuzi anafika, anambeba mtoto, anakuonyesha simu yake: "Imeenda, angalia." Meseji inaingia kwako inayofanana kabisa na yetu. Usiiamini meseji. Angalia salio lako kwenye menyu yetu, hata kama mtu amesimama anahema kwa haraka na teksi inanguruma nje. Kuna pia yule anayelipa kweli, anaondoka na mbwa, halafu anatupigia akidai alituma kimakosa. Ukipata ujumbe wetu wa kuuliza kama pesa fulani zilikuwa zako kihalali, jibu siku hiyo hiyo, ukiwa na yale makubaliano mliyoandikiana. Ikiwa unauza watoto wa mbwa kila mwaka, tunakushauri uchukue namba ya till kwa jina la biashara yako. Mnunuzi anaona jina hilo kabla ya kulipa, na wewe unapata kumbukumbu safi.

Wenzetu wengine hapa ofisini walituuliza kwa nini tunawaambia wateja wasitume, ilhali kila muamala unatuletea kitu. Tuliwajibu kwamba yule mama wa Nakuru alifunga akaunti yake wiki ile ile. Watoto wake, tunavyojua, bado hawana mbwa.

Siku ya kumchukua, lipa salio mkiwa ana kwa ana, mtoto akiwa mikononi mwako na kadi yake ya chanjo mfukoni. Kabla ya kutoka nyumbani angalia kikomo chako cha kutuma kwa siku na kama una pesa za kutosha pamoja na ada, usije ukafika mlangoni ukaanza kuwapigia jamaa wakuongezee. Beba taulo kuukuu pia. Wengi hutapika garini safari ya kwanza.