Mwaka 1780 Usikughilibu, Ewe Mnunuzi wa Reale

Biashara ya sarafu kongwe za fedha imehamia kwenye intaneti, ilhali wanunuzi wengi wangali wanadhani kwamba tarehe iliyo juu ya sarafu ni hati ya kuzaliwa kwake. Sioni mfano wa kosa hilo ulio bora kuliko reale ya Maria Theresa, ile ambayo wazee wetu wa pwani waliiita reale ya Shamu na kuifanyia biashara toka Lamu hadi Unguja katika karne ya 19.

Kila reale ya aina hiyo unayouziwa leo ina mwaka 1780. Malkia mwenyewe alifariki Novemba mwaka huo huo. Lakini wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi walikuwa wamekwisha kuizoea sura yake, wakaishuku sarafu yoyote iliyotofautiana nayo, na kwa hivyo Vienna ikaendelea kuitoa kwa tarehe ile ile. Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia Uhabeshi, aliwaomba Waaustria kalibu zake akapewa. London ikaanza kuitengeneza mwaka 1936, na ikatengenezwa pia Paris, Brussels, Bombay na Birmingham. Vienna ingali inaitoa hadi leo.

Basi anayetangaza "reale halisi ya mwaka 1780" huenda anakuuzia sarafu iliyo changa kuliko wewe, ambayo thamani yake haiupiti sana uzito wa madini yake. Hapo sarafu haikughushiwa, na fedha ni fedha kweli. Kilichoghushiwa ni maelezo. Kwa maoni yangu ulaghai wa namna hii ni mgumu kuutambua kuliko ule wa sarafu bandia, maana mizani haiwezi kuufichua.

Sarafu bandia nazo zipo, tena tele: shaba au madini mengine duni yaliyopakwa fedha kwa juu. Reale halali ina uzito wa gramu 28.07 hivi, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, 833 ni fedha. Ukingoni mwake mna maneno ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma. Mwuzaji atakayekataa kukupigia picha ya ukingo huo, pamoja na picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani, mwache aende zake. Wengi huitegemea sumaku. Kwa hakika fedha haivutwi na sumaku, lakini shaba nayo haivutwi.

Mwalimu wa fizikia anacho kipimo kilicho bora zaidi. Na aweke kikombe cha maji juu ya mizani ya maabara, airudishe mizani kwenye sufuri, kisha aining'inize reale kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itaonyesha gramu 2.75 hivi. Ukigawanya uzito wa sarafu kwa hesabu hiyo utapata takriban 10.2. Sarafu ya shaba ya manjano itatoa 8.5 au karibu na hapo. Somo la Archimedes litakuwa limewafaa wanafunzi nje ya mtihani, jambo ambalo ni nadra siku hizi.

Hata hivyo, kipimo hiki hufanywa baada ya sarafu kufika, na ndiyo sababu namna ya kulipa ni muhimu kuliko yote. Chama cha historia cha shule kinapochanga pesa za wanafunzi, kisizitume moja kwa moja kwa nambari ya simu ya mtu kisiyemjua. Na kitafute soko linalozishikilia pesa hadi mnunuzi akiri kwamba amepokea alichoagiza, na lenye masharti ya kurudisha bidhaa. Zipo kampuni za Marekani, kama vile PCGS na NGC, zinazokagua sarafu na kuzifungia katika visanduku vya plastiki vyenye nambari. Nambari hiyo itafutwe katika kumbukumbu za kampuni yenyewe, kwani visanduku navyo vimeghushiwa.

Wanaotafuta kitu cha bei nafuu huangukia shilingi ya Afrika Mashariki, ile yenye simba. Zilizotolewa toka 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha. Za 1948 na kuendelea hazina fedha hata chembe, na bado zinatangazwa kuwa ni za fedha!

Limebaki jambo la sheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inakihesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa ni cha kale, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Kwa hivyo rupia ya Mombasa ya mwaka 1888 iliyotoka katika sanduku la nyanya haiuzwi ng'ambo kiholela, hata kama mnunuzi aliyeko huko amekwisha kulipa.