NYONGEZA YA SIRI NI WIZI TU

Najua nimepotea. Mazoezi ya kufundisha yalinimaliza, halafu nikapita nyumbani Tumbe wiki nzima. Sasa nimerudi hosteli, saa nne usiku, mwenzangu anakoroma, na mimi nina la kusema. Leo sibembelezi mtu.

Mnaonijua mnajua kwamba hapa chuoni tuko watu watano tunaocheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kujifanya mashujaa uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Karatasi, penseli, dadu, na mmoja wetu anasimulia na kuwa refa. Mhusika wangu ni mvuvi wa Kipemba, silaha yake chusa. Kitabuni chusa haimo, basi siku ya kwanza tukakubaliana sote ihesabiwe kama mkuki wa meno matatu. Hiyo ndiyo inayoitwa sheria ya nyumbani, na sina ugomvi nayo.

Sasa sikilizeni hesabu. Kwa sheria za toleo la mwaka 2014, ukishambulia unarusha dadu ya pande 20 na kujumlisha nguvu zako. Kama umejifunza silaha ile unaongezewa 2 ukiwa ngazi ya 1, na nyongeza inapanda mpaka 6 ukifika ngazi ya 17. Mtasema 2 ni kitu gani? Chukua adui mwenye kinga 15, na nguvu zangu zinanipa 3. Bila ufundi nahitaji dadu inipe 12 au zaidi, yaani nafasi 9 kati ya 20. Nikiwa na ufundi natosheka na 10, nafasi 11 kati ya 20. Asilimia 45 kwa 55. Mapigano kumi, pigo moja zaidi. Shujaa anaweza kufa kwa hiyo 2.

Basi bwana, kabla sijaenda kufundisha, tuko katikati ya vita, dadu imeshalala mezani na nimepata 10. Nimepiga! Refa wetu akatazama dari, akasema, "Chusa nchi kavu inapunguzwa 2." Tangu lini? "Tangu sasa." Nikameza. Kitabu chake, dadu zake.

Nikasema hayo ni mambo ya watoto wa chuo, nyumbani hayapo. Thubutu!

Tumbe, jioni, baraza karibu na diko, watu wamesharudi na dagaa wao. Nimeketi kwenye bao na mzee mmoja wa rika la babu yangu. Mnalijua bao letu: mashimo 32, kete 64, kila mtu 32 zake. Kumi zinaanza ubaoni, 22 ziko ghalani. Bao halimpi mzee kete ya 33 kwa sababu ya mvi, wala halimnyang'anyi kijana moja kwa sababu ya ndevu chache. Tupo bado kwenye kunamua, nyumba yake imejaa, na shimo langu linalotazamana nayo lina kete. Nikatia, nikala nyumba.

"A-a, mjukuu wangu," akanishika mkono. "Hapa petu nyumba hailiwi mpaka ghala liishe."

Miaka yote niliyokaa barazani pale sijaisikia sheria hiyo. Nikawatazama wazee wengine. Mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kutafuta kiatu chake. Nikasema, "Sawa babu," nikarudisha kete. Nikafungwa.

Nilirudi nyumbani nimefura. Na hapo, wadau, ndipo nilipojikumbuka mwenyewe.

Kwenye mazoezi, skuli si mbali na kwetu, niliwaahidi kidato cha kwanza kwamba wa kwanza kwenye jaribio la hesabu nitampa mkebe mpya. Kijana mmoja akapata 41 kati ya 50. Aliyemfuata 40. Siku ya kurudisha karatasi nikajisikia mwalimu mkubwa, nikatangaza nyongeza ya alama 2 kwa kila mwenye daftari safi. Wa 40 akawa 42. Mkebe ukaenda kwake.

Daftari la yule wa 41 lilikuwa na madoa, kurasa zimevimba. Baadaye nikajua kwamba alikwenda dago na baba yake, akachukua daftari, akafanya maswali yangu hukohuko kambini. Yale madoa ni maji ya chumvi. Siku ile alisema maneno mawili tu: "Mwalimu, ungetwambia." Akakaa. Mpaka naondoka hakunyoosha mkono tena.

Kwa hiyo refa wa hosteli, mzee wa baraza na mimi ni kundi moja.

Wapo watakaosema refa lazima awe na uhuru, kitabu hakiwezi kutaja kila kitu. Kweli, kitabu chetu hakikuijua chusa. Lakini kuziba ufa ni kazi moja, na kubomoa ukuta ili upite wewe ni kazi nyingine. Wengine watasema kila baraza na ada zake, na mkubwa aheshimiwe. Mimi pia namheshimu. Mzee akitaka nimpunguzie makali, aseme kabla hatujapanga kete, nitampa kwa mikono miwili na nitacheza kwa furaha. Ninachokataa ni ada inayozaliwa pale mkubwa anapokaribia kushindwa. Hiyo inamfundisha mdogo jambo moja tu: usijifunze sheria, jifunze uso wa mwenye nyumba.

Msimamo wangu ni huu. Moja, nyongeza itajwe kabla ya dadu, kabla ya kete, kabla ya mtihani. Mbili, likizuka jambo jipya, mchezo ulioanza uishe kwa sheria ya zamani, mpya ianze kesho. Tatu, anayefaidika na mabadiliko asiyaamue peke yake.

Kabla ya kupanda boti nilinunua mkebe mwingine, nikaupeleka kwa kina yule kijana. Hakuwepo, wamekwenda dago. Nimemwachia mama yake na salamu kwamba mwalimu alikosea hesabu. Sijui kama atanyoosha mkono kwa mwalimu mwingine, na hilo linaniuma kuliko nyumba yangu ya bao.

Jumamosi tunacheza. Refa, najua unasoma. Chusa yangu naidai 2 zangu.

Alamsiki.