Usimpotezee mzazi marafiki zake wa chuo

Mzazi mwenzangu, wiki hii nakuletea kosa langu mwenyewe. Naliandika kwa sababu najua wapo wengi wanaolifanya sasa hivi kwa wazazi wao, tena wakidhani wanawatunza.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu. Alimaliza Chuo cha Ualimu Mpwapwa mwaka 1984, akafundisha karibu miaka 40, na alipofikisha miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, akakabidhi ofisi. Sisi watoto tulikaa tukaona si vizuri abaki peke yake kijijini na presha yake. Nikamchukua, nikaishi naye hapa Dar es Salaam.

Alikuja na mabegi mawili na simu. Ndani ya simu ile kulikuwa na kundi la WhatsApp la wenzake waliosoma mwaka mmoja. Nilikuwa nalicheka. Saa 11 alfajiri simu inalia: picha ya maua imeandikwa "Asubuhi njema". Saa 12 mwingine anatuma ujumbe wa sauti wa dakika sita kuhusu magoti yake. Mama anasikiliza yote kwa sauti ya juu, anacheka peke yake jikoni, halafu anajibu kwa kidole kimoja. Bando la wiki linaisha siku ya tatu, mimi nanung'unika.

Siku moja akitoka kliniki, wakamwibia simu kwenye daladala. La kufanya lilikuwa dogo tu: kwenda naye kwenye duka la mtandao wake na kitambulisho chake cha NIDA, aweke kidole, arudishiwe laini yenye namba ileile. Lakini foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa nawahi kazini. Nikampeleka kwa wakala wa mtaani, akasajiliwa laini mpya. Nikampa simu yangu ya zamani, nikamwekea namba za watoto wake na ya bodaboda wetu. Nikaona nimemaliza.

"Na namba za wenzangu?" akauliza.

"Nitashughulikia, mama."

Baada ya wiki mbili akauliza tena, nikajibu vilevile. Hakuuliza mara ya tatu. Wazazi wa rika lile wakiwa nyumbani kwako hawapendi kuonekana wasumbufu.

Ikapita miezi kumi. Mama alipoa. Akawa analala mapema, chakula anakigusa tu, taarifa ya habari anaiangalia bila kuisikia. Nikasema ni uzee. Nikampeleka hospitali mara mbili, wakapima sukari, wakapima presha, wakasema anaendelea vizuri. Hakuna aliyemuuliza anaongea na nani kwa siku. Hata mimi.

Jumapili moja mdogo wangu aliyeko Morogoro akaniambia kuna mzee anaulizia habari za mama, amempa namba yangu. Jioni akapiga. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akasema kwa upole:

"Samahani kwa kukurudisha kwenye majonzi. Sisi tulisoma na mama yako Mpwapwa. Tunaomba kujua mlimzika wapi, tujipange tuje kuhani."

Nilikosa la kusema. Mama alikuwa sebuleni, anamsuka mjukuu wake.

Kumbe wao waliona namba imezimika ghafla. Laini isipotumika muda mrefu hufungwa, na namba hupewa mtu mwingine. Walipopiga baadaye wakapokelewa na kijana asiyemjua mama wala ukoo wake. Kwa umri wao, wakajumlisha. Mzee yule, ambaye siku hizi analima alizeti Singida, ndiye aliyekataa kukaa hivyo hivyo. Aliulizia shule ya mwisho aliyofundisha mama, akaelekezwa kwa Afisa Elimu Kata, akampata jirani yetu wa zamani, na jirani ndiye aliyekuwa na namba ya mdogo wangu.

Nikampelekea mama simu. Mzee aliposikia sauti yake akapiga kelele, akamwita kwa jina la utani la chuoni, jina ambalo sijawahi kulisikia maisha yangu yote. Mama alicheka hadi akashika ukuta. Wakaongea habari za ugali wa unga wa yanga, sabuni za foleni, na tarehe 12 Aprili 1984, redio ilipotangaza kifo cha Waziri Mkuu Sokoine na bweni zima likaangua kilio.

Kisha kicheko kikakatika. Rafiki yake waliyelala kitanda kimoja cha dabo deka, mama chini yeye juu, alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma, kwao Kondoa. Aliugua kwa muda mrefu. Kila aliyekwenda kumwona alikuwa akimuuliza habari za mama.

"Aliniulizia?" mama akasema. Akanirudishia simu, akaingia chumbani.

Hakunisema. Angenisema ingekuwa nafuu. Kesho yake asubuhi, akichambua mchele, akaniambia: "Mwanangu, wewe unaniita mama. Wanao wananiita bibi. Hapa mtaani mimi ni mama wa yule dada wa geti jeusi. Wale ndio waliobaki wanaonijua kabla sijawa mama wa mtu."

Mzazi mwenzangu, tafakari hilo. Mtu akistaafu hupoteza mengi kwa mpigo: kazi, cheo, mshahara, na watu wa kuongea nao kila asubuhi. Tukimhamishia mjini kwetu, anapoteza na majirani. Ndugu zake wa tumbo moja nao wanapungua. Wanaobaki ni hawa waliokula naye chuoni akiwa na miaka ishirini. Wanaugua magonjwa yanayofanana, wanasubiri pensheni ya mwezi pamoja, na tangazo la uhakiki wa wastaafu huambiana wao kwanza kabla sisi hatujalisikia. Kuna mambo mama aliweza kumwambia mwenzake wa Singida ambayo mimi hataniambia, ikiwemo jinsi anavyojisikia kuishi nyumbani kwangu.

Nimejifunza kwa gharama, naomba wewe ujifunze bure.

Namba ya simu ya mzazi ilinde kama hati ya kiwanja. Simu ikipotea, rudisha namba ileile, hata kama ni kushinda nusu siku kwenye foleni. Kama anatumia simu ya pili, iweke vocha kidogo na uitumie mara kwa mara isifungwe.

Kaa naye jioni moja, muandike namba za marafiki zake kwenye daftari, kwa kalamu: jina, anapoishi, na namba ya mtoto mmoja wa kila rafiki. Namba za watoto ni muhimu, maana mzee akilazwa simu yake huzimwa, na wenzake hubaki gizani.

Bando lake liwe kwenye bajeti ya nyumba pamoja na dawa. Na usimdhihaki kwa picha za maua. Nilidhani ni uchafu wa simu, kumbe kwao ni mahudhurio. Asiyetuma salamu siku mbili hupigiwa.

Mfundishe pia kujihadhari. Matapeli huwapigia wastaafu wakijifanya watumishi wa mfuko wa pensheni, wengine huiba akaunti ya rafiki na kuomba pesa ya haraka. Mkubaliane kwamba hatumi shilingi wala hatoi namba ya siri kabla hajapiga na kumsikia mwenyewe kwa sauti. Lakini usitumie matapeli kama sababu ya kumtoa kwenye kundi.

Michango nayo usimkatie. Elfu tano yake ya rambirambi inaonekana ndogo kwako, lakini kwake ndiyo inayomfanya awe mwenzao. Na wakikutana, msaidie afike.

Mwezi uliopita sisi tulifika. Tulipanda treni ya SGR hadi Dodoma, wenzake saba wakatupokea, tukaenda Kondoa kwa basi. Pale kaburini mama aliwasimulia watoto wa marehemu jinsi yeye na mama yao walivyokuwa wakiukata mche mmoja wa sabuni kwa uzi, nusu kwa nusu, wakapimana kwa macho nani kapata kubwa. Watoto wale, watu wazima wenye mvi, walikuwa hawajawahi kusikia habari hizo. Walimwomba arudie, na binti mkubwa akamrekodi kwenye simu.

Njiani kurudi mama alilala begani kwangu. Simu yake ililia mara tatu kwenye pochi. Sikuizima.

Leo ukirudi nyumbani, au ukimpigia mzazi wako, usiishie kwenye "umekula, umekunywa dawa?" Muulize swali moja zaidi: wenzako wa chuo wako wapi siku hizi? Kisha kaa usikilize.

Tukutane wiki ijayo.