Wanaopiga Mpira kama Wanaua Nyoka

Nayaandika haya nikiwa na hasira kidogo, msomaji anisamehe. Kila jioni hapa Katesh, chini ya Mlima Hanang, nawaona vijana wakiinamia meza ya pool na kuupiga ule mpira mweupe kana kwamba wanaua nyoka. Mipira inagongana, mmoja unaruka hadi sakafuni, watazamaji wanashangilia. Ukimuuliza kijana kwa nini asipige taratibu, atakujibu kwamba taratibu ni ya wazee na waoga. Nasema huo ni uongo, tena uongo uliowaharibia mkono vijana wengi wenye vipaji.

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Nilihesabiwa kuwa hodari, mpaka siku nilipokutana kule Dongobesh na mzee mmoja, zamani dereva wa trekta katika mashamba ya ngano ya Basotu. Mzee yule hakupiga mpira, aliusukuma. Ulikwenda ukijikongoja, ukafika mdomoni mwa shimo, ukasita, ukaanguka. Na ule mweupe ukasimama pale pale alipoutaka. Jioni ile fedha zangu zote ziliishia mfukoni mwake, nikarudi nyumbani juu ya lori la vitunguu saumu, nimenyamaza kimya.

Uchawi haupo. Mpira uliopigwa katikati huanza kwa kuteleza, kisha kitambaa huushika ukaanza kubiringika, na hapo umebakiwa na sehemu 5 kati ya 7 za mwendo wake wa kwanza. Ukipiga kwa nguvu hutambui lolote kati ya hayo. Ukipiga polepole, kila kosa la mkono wako linaonekana. Ukisitasita, mpira unakwama njiani. Ukigusa pembeni kidogo, unagonga ukingo wa mbali na kurudi umepinda. Tena shimo lenyewe humhurumia mpole: mpira wa polepole ukigusa kona ya shimo huweza kuingia, lakini ule wa kasi hutemwa.

Wako watakaosema kwamba meza zetu zimeinama na vitambaa vimechanika, kwa hiyo mpira wa polepole hupotea njia. Ni kweli, nami nimepoteza michezo kwa sababu hiyo. Lakini meza unayoichezea kila siku unapaswa kuijua inainamia wapi, kama unavyojua shamba lako maji hukimbilia wapi. Anayepiga kwa nguvu kukwepa mwinamo hataijua meza yake mpaka anazeeka.

Wengine husingizia umaskini. Meza zetu hula sarafu, na mpira wa rangi ukishaingia shimoni hautoki hadi ulipe tena. Haya, nani amekwambia uuingize? Chukua ule mweupe peke yake, uusukume hadi ukingo wa mbali, urudi na kusimama mbele yako. Rudia mara 50. Sarafu moja inatosha saa nzima, ilimradi uwahi kabla baa haijajaa na mwenye baa awe mvumilivu. Ninayemfahamu mimi hunung'unika, ila hajanifukuza bado.

Ajabu ni kwamba tunabishana juu ya jambo hili huku kwetu. Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, na mita 10,000 kule Brisbane mwaka 1982, ni mtu wa Hanang. Wakimbiaji wa Mbulu na Hanang twawaona alfajiri barabarani, wengi wao wakienda mwendo ambao hata mwenye baiskeli mbovu angewapita. Hakuna anayewaita waoga.

Anayebisha na aje Katesh asubuhi. Tutaweka ule mweupe mbele yake, ausukume hadi ukingo wa mbali mara 10. Ukirudi na kusimama ndani ya shubiri moja kutoka ukingo wa karibu mara 5 tu, soda nanunua mimi.