Shela ya Ariel

Ariel ana miaka 16. Anamwambia baba yake kwa hasira kwamba yeye si mtoto tena, na kabla filamu haijaisha yumo merikebuni, amevaa shela, baba anamkumbatia kumuaga.

Hiyo ni The Little Mermaid ya 1989. Aurora wa Sleeping Beauty (1959) naye ana miaka 16, tena alichaguliwa mchumba akiwa bado kwenye kitanda cha kitoto. Leo mzazi anayezitazama filamu hizi na bintiye hushtuka, na ana haki.

Disney yenyewe, iliyozitengeneza, imegeuza msimamo: katika Frozen (2013), Elsa anakataa katakata mdogo wake kuolewa na mwanamume aliyejuana naye siku hiyohiyo.

Sheria ikaja nyuma ya katuni. Delaware, jimbo la kwanza Marekani kupiga marufuku kabisa ndoa za chini ya miaka 18, ilifanya hivyo 2018 tu.